Dubai au Maskati: uanzie wapi?

Kama una siku tatu tu na hutaki kuendesha gari, nenda Dubai. Metro, iliyoanza 2009, inakushusha karibu na Burj Khalifa, jengo la mita 828, na kwa dirham moja abra, mashua ndogo ya abiria, inakuvusha hori kutoka Deira hadi Bur Dubai.

Lakini moyo wangu uko Maskati. Utalazimika kukodi gari, maana mji umetawanyika kati ya milima na bahari. Ingia soko la Mutrah jioni: moshi wa ubani unakupokea mlangoni, halua ya zafarani unaonjeshwa kwanza, na usishangae muuzaji akikuuliza, "Habari za nyumbani?" Familia nyingi za Kiomani zilizotoka Zanzibar baada ya 1964 bado zinazungumza Kiswahili. Dubai utakisikia pia, ila zaidi kwa wenzetu waliokwenda kutafuta riziki.

Ijumaa damka uende Nizwa, mji wa Oman ulio bara, kwenye mnada wa mbuzi: wauzaji wanawazungusha kwa kamba, wanunuzi wanapaza bei.

Kote kuwili, Juni hadi Agosti jua halivumiliki. Nenda Desemba au Januari.