Kitini cha joto la mashimo meusi: kinunue, ila kague ukurasa wa 47

Kinapatikana kwenye steshenari za jirani na Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam): kurasa 64, kimefungwa kwa springi, hakina jina la mwandishi. Ukiwa umepita thamodainamiki ya mwaka wa pili utakimudu.

Kurasa kumi za mwanzo zipitie tu. Kilicho muhimu humo ni ulinganisho mmoja: shimo jeusi lenye uzito wa Jua lina halijoto ya takriban 6 × 10⁻⁸ K, na mionzi masalia ya ulimwengu (mabaki ya Mlipuko Mkuu yaliyojaa anga yote) ina 2.7 K. Kwa hiyo shimo hilo linameza joto zaidi kuliko linavyotoa, na kadiri linavyomeza ndivyo linavyozidi kupoa. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kutulia na mazingira yake.

Sura ya tatu ndiyo inayorudisha hela yako. Inaliingiza shimo kwenye anga-muda uliopinda wa anti-de Sitter, ambao ni kama sufuria yenye mfuniko: mionzi ikitoka, inarudi. Hapo halijoto ni T = (1 + 3r²/L²)/(4πr), ambapo r ni nusu kipenyo cha shimo na L ni urefu unaopima mpindo wa anga-muda. (Konstanti za fizikia, yaani G, c, ħ na k, zimefanywa 1, jambo ambalo kitini kinalisema ukurasa wa 30, wakati umeshachanganyikiwa.) Halijoto inashuka hadi r = L/√3, kisha inapanda. Chini ya T = 0.276/L hakuna shimo kabisa. Juu yake yapo mawili, dogo lisilotulia na kubwa linalotulia. Wengi hudhani hapo ndipo hali inapobadilika. Sipo. Nishati huru (kipimo cha hali ipi itashinda: yenye nishati huru ndogo), r(1 − r²/L²)/4, inageuza alama kwenye r = L, yaani T = 0.318/L, na hilo ndilo badiliko la wanafizikia Hawking na Page la 1983, kutoka mionzi mitupu hadi shimo kubwa. Kitini kinatenganisha namba hizi mbili hatua kwa hatua, vizuri mno.

Sura ya nne inaongeza chaji ya umeme (Q) na kuifanya konstanti ya kosmolojia, namba inayoamua mpindo wa anga-muda tupu, kuwa kanieneo (P). Shimo dogo linageuka kubwa kama maji yanavyogeuka mvuke, kama walivyoonyesha Kubizňák na Mann mwaka 2012. Ila ukurasa wa 47 umeweka ujazo 4πr³/3 kwenye uwiano wa Pv/T (v ni ujazo mahususi), na jibu linakataa. Weka v = 2r. Kwenye nukta ya mwisho, pale tofauti ya shimo dogo na kubwa inapotoweka, v = 2√6Q, T = √6/(18πQ), P = 1/(96πQ²); uwiano unatoka 3/8 kamili, sawasawa na gesi ya van der Waals.

Mchoro wa mkia wa mbayuwayu (nishati huru dhidi ya halijoto) umetolewa kopi ya kopi, wino umejaa ndani ya kile kipembetatu hadi kinafanana na doa la chai. Omba wachape upya kutoka kwenye flashi. Wakikuzungusha, chora mwenyewe: Q = 1, P = 0.002, r kuanzia 1 hadi 8; mhimili wa chini T = (1 + 8πPr² − 1/r²)/(4πr), wa wima nishati huru G = (r − 8πPr³/3 + 3/r)/4. Kona mbili za mkia zitatokea karibu na r = 1.9 na r = 4.0.