Modi otomatiki za kamera ya Canon EOS 2000D: zinafaa wapi na zinagoma wapi, tukipimia Bagamoyo

Asubuhi, ufukweni Bagamoyo, jua linachomoza baharini, mbele ya lenzi. Hapo ndipo A+, modi inayoamua kila kitu yenyewe, inapoboronga. Ikiona mwanga hafifu au jua nyuma ya mtu, inanyanyua flashi. Mtu akiwa mita 2 ni sawa, uso unatoka vizuri. Jahazi lililotia nanga mita 50 huko ni sawa na kulimulika kwa kiberiti. Zungusha gurudumu la modi hadi alama ya flashi iliyokatwa mstari.

Ubaya mkubwa wa A+ ni kwamba haikuachii nafasi ya kusahihisha mwangaza. Mvuvi mweusi akisimama mbele ya mchanga unaong'aa, kamera inapima ule weupe, inapunguza mwanga, na uso unabaki giza. Kanzu nyeupe nayo inatoka kijivujivu. Dawa ni modi ya P, inayokuruhusu kusahihisha mwangaza: shikilia kitufe cha Av+/-, zungusha gurudumu dogo lililo karibu na kitufe cha kupigia picha hadi +1. Bado mengi inaamua kamera.

Modi ya sura, ya picha za watu, inalaumiwa kwamba haififishi nyuma. Mara nyingi lenzi ya 18-55 imeachwa kwenye 18, inapoona eneo pana. Vuta hadi 55, msogelee mtu, na nyuma yake pawe mbali. Akiegemea mlango wa nakshi, mlango hautafifia hata ufanyeje.

Modi ya mkimbiaji, ya vitu vinavyokwenda, inapiga picha 3 kwa sekunde, mwendo wa kobe. Kijana akiruka majini kutoka mita 2 anakaa hewani kama sekunde 0.6, kwa hiyo utaambulia picha mbili. Bonyeza kabla miguu haijaachia ubao. Kwa ngalawa inayopita na tanga inatosha sana. Jua likizama, chenga (vidoadoa kwenye picha) zinaanza.

Modi ya ua, ya picha za karibu, haisogezi lenzi karibu zaidi: chini ya sentimita 25 lenzi hiyo ya 18-55 haishiki fokasi na shata (pazia linalofunguka picha ikipigwa) inagoma. Modi ya chakula, ajabu, ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Samaki wa kukaanga chini ya turubai la bluu hutoka kama mgonjwa. Sogeza rangi upande wa joto, yaani wa wekundu, anarudi kuwa samaki.

Modi ya sura ya usiku inataka traipodi, stendi ya miguu mitatu. Flashi ikishawaka, shata bado iko wazi, na watu hudhani imekwisha wakageuka. Waambie wasitikisike mpaka wasikie mlio wa pili.