Brigadeiro: boksi la bei mbaya au sufuria ya nyumbani?

Haya jamani, karibuni. Maikrofoni mpya imefika, kwa hiyo waliokuwa wananilalamikia sauti, leo tusameheane.

Mezani nina brigadeiro, kile kitamutamu cha chokoleti ambacho Brazil hawafanyi bethdei ya mtoto bila nacho. Jina ni la cheo: Brigadia Eduardo Gomes wa jeshi la anga aligombea urais 1945, na inasimuliwa kwamba wanawake waliomuunga mkono waliviuza kwenye kampeni. Urais hakuupata, na 1950 akaukosa tena. Tuendelee.

Viungo mnavijua: maziwa mazito ya kopo, kakao, siagi. Kazi iko hapa. Kamera isogee.

Moto mdogo. Sasa hivi ni uji tu. Nakoroga bila kuacha, mwiko unafika mpaka pembeni, maana pakishika hapo utakuja kutafuna mabonge. Waliowahi kusimamia sufuria ya halua Zanzibar wanaujua huu mkono. Tazama mapovu: yamekuwa makubwa, yanapasuka kwa uvivu. Maji yanakwisha. Napitisha mwiko katikati... njia imefunguka, ikajifunga papo hapo. Bado. Koroga. Tena... ehee! Chini ya sufuria panaonekana, panakaa kidogo ndipo panajifunga. Nainamisha sufuria, donge zima linateleza pamoja. Zima moto! Ukizidisha hapo umepika tofi. Ukiwahi kuepua, hakiviringiki, basi kula kwa kijiko; Wabrazili wenyewe wanakula hivyo na wanafurahi.

Mimina kwenye sahani yenye siagi, subiri kipoe. Paka siagi viganjani, viringa, gaagaza kwenye chembe za chokoleti. Ona: kinang'aa, nikikibonyeza kinabonyea, wala hakipasuki.

Sasa hili boksi. Vinne tu, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili! Wameandika “chokoleti ya Ubelgiji” kwa wino wa dhahabu. Nakata... kisu kinakwama. Nauma... jino linanasa. Mmeona wenyewe, wamezidisha moto. Chokoleti ya bei ghali haiokoi mkono uliosinzia. Ila chembe zao za juu, haki ya Mungu, ni tamu. Chokoleti kweli, si zile za sukari zinazokwaruza ulimi. Hapo wamenishinda.

Halafu kuna ndugu yake, beijinho: nazi badala ya kakao, na karafuu moja imechomekwa juu. Watu wa Pwani, hiyo ni video ijayo, bonyezeni kengele msije mkanilaumu.

Najua mtauliza vipimo: kopo moja la gramu 395, kakao vijiko vitatu vya chakula, siagi kijiko kimoja. Boksi silinunui tena. Mpiga kamera, acha hicho, ni cha picha ya jalada!