Barua au simu kwa ndugu aliyeshikiliwa na uhamiaji Uingereza?

Tuanze na simu maana ndo wengi tunaikimbilia. Mtu akiingizwa kwenye vituo kama Harmondsworth pale jirani na Heathrow, au Yarl's Wood, simujanja yake inawekwa pembeni anapewa kasimu kadogo kasiko na kamera, na mitandao ya kijamii imefungwa, kwa hiyo WhatsApp sahau. Ila kumpigia unampigia, na akipewa leo karatasi ya tarehe ya kurudishwa kwao utajua leo leo, hapo barua haifui dafu. Shida ni siku ambayo hana hamu ya kuongea, mnabaki "upo?" "nipo", alafu kimya.

Barua inachelewa, na wakimhamisha kituo inaweza isimkute kabisa. Lakini bana inakaa naye. Watu wazima wengi hawana kikomo cha siku za kushikiliwa kule, yani hajui anatoka lini, sasa kaka wa Bukavu akipata kurasa mbili za Kiswahili atazirudia usiku mpaka zichakae. Mi barua naipa kura yangu, simu ibaki ya dharura.

Mwandikie vitu vya kawaida tu, mechi, mvua, umepika nini. Mambo ya kesi muachie wakili wake, maana barua yaweza kufunguliwa wakishuku kitu, na usimuahidi atatoka, utajuaje? Jina liandike kama lilivyo kwenye makaratasi ya uhamiaji, sio lile la nyumbani.