Shata za madirisha kwa nyumba za Mwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Nyumba nyingi za Mwanza zilizojengwa kutazama ziwa zinatazama magharibi. Ukipita Nyegezi, Luchelele au Capri Point utaona jambo lile lile: dirisha lenye mandhari nzuri kuliko yote ndilo linalochomwa na jua la jioni, na ndilo hilo hilo linaloingiza upepo wa ziwani mchana. Ukiliwekea pazia zito, umezuia jua na upepo kwa pamoja. Ukiliacha wazi, sebule haikaliki mpaka usiku. Shata zenye vibao vya luva, yaani vibao vyembamba vilivyoinamishwa na kupishana, hukata jua huku hewa ikiendelea kupita, kwa hiyo hapa tumezipanga kwa kigezo hicho kwanza. Bei ni kigezo cha pili.

Jua la Mwanza lina tabia yake. Mji uko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo mwaka mzima jua linazama upande wa magharibi, likielekea kaskazini mwezi Juni na kusini Desemba. Tena halifiki utosini saa 6 kamili bali karibu saa 7 kasorobo, kwa sababu tunatumia saa moja na Dar es Salaam ilhali sisi tuko magharibi zaidi. Ukuta wa magharibi basi unaungua kuanzia saa 8 hivi mpaka giza linapoanza kuingia. Paa lililotokeza sentimita 60 linakinga dirisha jua likiwa juu. Likishashuka, paa halisaidii kitu.

Na joto la jua likishapita kwenye kioo, limeshaingia ndani. Pazia au shata iliyo nyuma ya kioo itapata moto yenyewe, kisha iutoe moto huo chumbani. Ndiyo sababu shata za nje zimetangulia kwenye orodha hii. Kama bajeti yako inatosha madirisha mawili tu, anza na ya magharibi. Ya kusini na kaskazini yanaweza kusubiri mwaka mwingine.

1. Shata za mbao, za nje, zenye luva zisizozunguka

Kwa nyumba ya chini, hizi ndizo za kwanza. Mbao haishiki joto kama chuma, fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza, na kibao kimoja kikivunjika hubadilishi dirisha zima.

Mninga ndio chaguo letu. Unasinyaa kidogo sana ukikauka na haupindi ovyo. Unaokuja Kanda ya Ziwa mara nyingi unatoka misitu ya Tabora na Katavi. Mkongo ni mgumu zaidi na mzito zaidi, na mtiki uliokomaa nao unafaa. Paina inakubalika iwapo imetiwa dawa ya mchwa na kupakwa rangi pande zote. Isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Mkaratusi uachie nguzo na mirunda, kwa sababu kibao chembamba cha mkaratusi kinajisokota. Muulize muuzaji risiti na hati ya usafirishaji ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao za magendo mara nyingi huwa mbichi pia, maana zimekimbizwa.

Vipimo vya kumpa fundi ni hivi. Fremu ya bawa, yaani kipande kimoja cha shata kinachofunguka, iwe na unene wa milimita 35 na upana wa 70. Vibao viwe na unene wa milimita 12 na upana wa 60, viinamishwe nyuzi 45 na kupishana kila milimita 40. Kwa mwinamo huo kibao kinafunika zaidi ya nafasi iliyopo kati yake na mwenzake, hivyo mtu aliyesimama nje haoni ndani na mvua ya kawaida haiingii. Mafundi wengi hupenda kuacha milimita 55 au 60 ili kuokoa mbao. Ukisimama mbele ya dirisha kama hilo utaona ndani ya sebule, na jua linalokaribia kuzama litapita limenyooka.

Tuchukue bawa la sentimita 60 kwa 120, linalotosha nusu ya dirisha la futi 4 kwa 4. Ukitoa mbao ya juu na ya chini zinabaki kama sentimita 106 za kupanga vibao, yaani vibao 26, kila kimoja na urefu wa sentimita 48 pamoja na kinachoingia kwenye mfereji wa fremu. Hiyo ni kama mita 12 na nusu za vibao kwa bawa moja. Fanya hesabu hiyo mbele ya fundi kabla hajakutajia bei, kwa sababu vibao ndivyo vinavyokula mbao nyingi na ndiko udanganyifu unakojificha.

Bawa kama hilo la mninga lina kilo 10 hadi 12. Linataka bawaba tatu za inchi 4, za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Bawaba mbili zitashika mwaka wa kwanza, kisha pembe ya chini itaanza kusugua. Usiruhusu bawa lipite sentimita 60 kwa upana. Dirisha la futi 5 kwa 4, ambalo lina upana wa sentimita 152, ligawe mabawa manne yanayokunjana mawili mawili.

Pembe za fremu ziunganishwe kwa ulimi na tundu, kisha gundi isiyoyeyuka kwa maji. Pembe iliyokatwa mshazari na kupigwa misumari itaachia msimu wa mvua za kwanza. Vibao navyo vikae kwenye mfereji uliochimbwa, visigongelewe kwa vimisumari vya ubavuni. Ukitaka kujua, shika kibao cha katikati ukivute kwa vidole viwili. Kikicheza kabla hakijapigwa jua hata siku moja, mbao zilikuwa mbichi au mfereji umechimbwa mpana.

Ubichi unapimika bila kifaa. Omba kipande cha sentimita 30 kutoka kwenye mbao hizo hizo, kipime kwenye mzani wa jikoni, kiache ndani ya nyumba wiki mbili, kipime tena. Kikipungua kwa zaidi ya sehemu 4 kwa 100, mbao zirudi kukaushwa.

Kuhusu rangi, vanishi angavu inavutia siku ya kwanza tu. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na jua hupita kwenye vanishi isiyo na rangi likaiharibu mbao chini yake mpaka vanishi ianze kubanduka kama magamba. Tumia rangi ya mafuta au vanishi yenye rangi ndani yake. Paka kabla ya kufunga, mbele na nyuma, na hasa kwenye ncha zilizokatwa, kwa sababu huko ndiko maji yanakonyweka. Bawa lililopakwa upande mmoja litapinda. Upande wa magharibi utarudia kila baada ya miaka miwili au mitatu.

2. Aluminiamu, za nje

Kwa ghorofa, au kwa mtu ambaye hatapanda ngazi kupaka rangi, hizi zinapanda hadi nafasi ya kwanza. Ni nyepesi, mchwa hawazili, na rangi ya unga iliyookwa kiwandani hudumu miaka mingi. Unene wa ukuta wa fremu uwe milimita 1.2 au zaidi. Uliza uone kipande kilichokatwa, usikubali kuonyeshwa picha. Chagua nyeupe au kijivu chepesi.

Kuna maneno ya dukani yanayohitaji kupuuzwa. Muuzaji atakuambia hii ni ya daraja la juu kwa ajili ya chumvi. Chumvi ni shida ya Tanga na Dar es Salaam. Ziwa Victoria ni maji baridi. Kinachoua shata hapa ni jua, mvua inayokuja na upepo, na ribiti za chuma cha kawaida zilizotumika kwenye pembe. Ribiti hizo zikishika kutu, mistari ya kahawia inashuka kwenye fremu nyeupe ndani ya msimu mmoja. Sumaku ndogo mfukoni inatosha kuzigundua. Vilevile aluminiamu isigusane na grili ya chuma. Panapolowa, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Weka washa za plastiki au mpira katikati.

3. PVC, za ndani, zenye luva zinazozunguka

Hizi za plastiki ngumu ni nzuri kwa bafu, jiko na madirisha ya kaskazini au kusini. Zinafutika, hazivimbi, na unaweza kuzungusha vibao kupata mwanga unaoutaka. Ndani ya fremu kuwe na kiini cha chuma au aluminiamu. Bila hicho, bawa la zaidi ya sentimita 60 linalegea.

Dirisha la magharibi usiliwekee. PVC huanza kulainika ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi na ikiwa imebeba uzito hupinda kabla ya hapo. Nafasi iliyobanwa kati ya kioo na shata jioni hupata joto kali. Vibao vya katikati ndivyo vinavyoanza kunepa. Pia vipini vya plastiki vinavyoshika fimbo ya kuzungushia huvunjika, kwa hiyo chukua vya akiba kumi siku ile ile ya kununua.

4. Majamvi ya mafunjo

Si shata, lakini kwa baraza hayana mpinzani kwa bei. Jamvi la mafunjo linaning'inizwa nje chini ya paa, linakunjwa kwa kamba, na linapitisha hewa kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Mvua ikilipata linaoza, basi usitegemee zaidi ya msimu mmoja au miwili. Liwe mbali na jiko la mkaa.

5. Shata za chuma na za kuviringisha

Hizi zibaki dukani. Bati lililofungwa halipitishi hewa, linapata moto, na la umeme linakwama siku ya mgao. Kwa stoo au nyumba isiyohamiwa bado, sawa.

Za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, hatuzipi hata nafasi. Zikipata unyevu wa bafu au tone la mvua dirishani, pembe zinafura na hazirudi.

Grili, wavu na mwamba wa jirani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu shata inapimwa kana kwamba dirisha ni tundu tupu. Dirisha la Mwanza lina grili, lina wavu, na mara nyingi lina vioo vya kuteleza.

Kama vioo vyako ni vya fremu za mbao zinazofunguka kwenda nje, shata ya nje haina pa kukaa. Ama ubadilishe vioo viwe vya kuteleza, ama uchukue shata za ndani. Kama vioo vinateleza, shata ya nje inafaa, lakini jiulize utaifungaje. Mkono unapita kwenye grili yenye nafasi ya sentimita 10 mpaka karibu na kiwiko tu. Bawa la sentimita 60 likiwa limelala ukutani hulifikii. Mabawa membamba ya sentimita 38 hadi 40 yanafikika kwa fimbo yenye ndoano. Mapana utayafunga kwa kutoka nje, jambo ambalo utalichoka kabla ya Krismasi. Na wavu uwe wa kuteleza au wenye bawaba. Wavu uliogongelewa misumari unamaanisha hutagusa shata kamwe.

Chumba cha kulala kiwe na angalau grili moja inayofunguka kwa ndani, ufunguo ukiwa karibu, na shata yake isiwe na kufuli la nje. Moto hausubiri mtu atafute ufunguo.

Kwa nyumba za milimani, kama Isamilo, Bugando na Mabatini, angalia nyuma ya nyumba. Dirisha lililo nusu mita kutoka kwenye mwamba halina nafasi ya bawa kufunguka, na mwamba wenyewe unatoa joto hadi usiku. Huko weka shata za ndani au za kuteleza kwenye reli. Pia hakikisha kando ya dirisha kuna ukuta mtupu unaolingana na upana wa bawa: bomba la maji ya mvua na kiyoyozi ndivyo vinavyosahauliwa.

Kupima na kukabidhiwa

Pima baada ya plasta kukamilika. Upana pima juu, katikati na chini; kimo pima kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa mshazari. Tofauti ikizidi milimita 10, tundu limekaa mshazari. Fremu itengenezwe ikiwa mraba na pengo lizibwe, bawa lisichongwe kufuata ukuta mbovu. Acha milimita 3 kila upande na 3 katikati mabawa yanapokutana. Fremu ifungwe kwa skrubu na plagi za ukutani za milimita 10, ya kwanza sentimita 10 kutoka pembeni, nyingine kila sentimita 50. Kila bawa liwe na kishikizo cha ukutani, kwa sababu upepo unaotangulia mvua ya ziwani hulibamiza bawa mpaka bawaba zing'oke.

Vijidudu vya ziwani vitajaa kwenye vibao, na buibui watawafuata. Piga brashi kavu kwanza. Kitambaa chenye maji kikianza, mizoga inageuka tope la kijani linaloganda kwenye kona za vibao.

Malipo yagawe: sehemu ya vifaa mwanzoni, sehemu ya pili ukishaona mabawa kabla ya rangi, na theluthi ya mwisho baada ya kufungwa. Kabla ya kutoa hiyo ya mwisho, funga mabawa yote, elekeza mpira wa maji kwenye vibao kwa dakika tano ukiwa umesimama umbali wa mita mbili, na mtu mwingine akae ndani na tochi. Maji yakiingia katikati ya vibao, mwinamo au nafasi haikufuata vipimo. Yakiingia pembeni mwa fremu, ni kazi ya silikoni, na fundi aimalize siku hiyo hiyo.