Theatre Royal Drury Lane: Anayemtafuta Bwana wa Kijivu Aende Mchana

Wengi wanaokwenda Theatre Royal Drury Lane, jumba la maonyesho la London, kwa ajili ya mizimu hukosea saa. Hukata tiketi ya onyesho la usiku wakidhani giza ndilo litakalowasaidia. Mzimu mashuhuri wa jumba hili, Bwana wa Kijivu, ni wa mchana. Masimulizi mengi yanamweka kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, wakati wa mazoezi au wa onyesho la mchana. Amevaa joho refu la kijivu, kofia ya pembe tatu na wigi la poda, upanga kiunoni. Hupita kwenye safu ya nne ya viti vya daraja la juu, yaani roshani ya juu ukumbini, kisha hupotelea ukutani. Hamsumbui mtu. Waigizaji hata humwombea atokee, kwa kuwa inaaminika kwamba akionekana siku za mwanzo za tamthilia, tamthilia hiyo itadumu. Tamthilia ya muziki Miss Saigon, iliyochezwa hapa kuanzia 1989 hadi 1999, hutajwa sana kama ushahidi.

Kwa sababu hiyo, cha kulipia kwanza ni ziara ya mchana inayoongozwa. Huchukua kama saa moja. Tiketi ikatwe mapema kwenye tovuti ya jumba lenyewe, kwani ratiba ya ziara haifanani mwaka mzima. Siku yenye onyesho la mchana, au kipindi ambacho mitambo ya tamthilia mpya inasimikwa, ziara hupunguzwa au hazipo kabisa. Anayefika mlangoni bila kuangalia ratiba ndiye anayerudi amenuna. Jingine la kujua kabla ni kwamba kufika nyuma ya jukwaa na chini yake hakuna uhakika. Mafundi wakiwa kazini, au sehemu ya sakafu ya jukwaa ikiwa wazi, kiongozi hulazimika kubadilisha njia, na afanye hivyo, maana kutumbukia humo ni kuvunjika mifupa. Kupiga picha za mandhari ya tamthilia inayoendelea mara nyingi ni marufuku, hata kama ukumbini hamna mtu. Ulizeni kabla ya kutoa simu.

Ubora wa ziara unamtegemea kiongozi, na kipimo chake ni namna anavyosimulia tarehe. Kwenye kiwanja hiki pamejengwa majumba manne. La kwanza lilifunguliwa 1663 na likaungua 1672. La pili lilifunguliwa 1674, likabomolewa mwishoni mwa karne ya 18. La tatu, la 1794, lilikuwa na pazia la chuma la kuzuia moto, na bado likateketea Februari 1809. Hili lililopo, lililosanifiwa na Benjamin Dean Wyatt, lilifunguliwa 1812. Sasa shikeni hadithi ya Bwana wa Kijivu. Inasemwa mafundi walibomoa ukuta 1848 wakakuta mifupa ya mtu, kisu kikiwa mbavuni, na huyo ndiye anayetembea. Lakini mavazi anayosimuliwa nayo ni ya karne ya 18, na ukuta wowote wa daraja hilo ni wa 1812 au baadaye. Ukumbi wenyewe ulijengwa upya ndani 1922, ukapangwa upya tena katika ukarabati wa pauni milioni 60 uliokamilika 2021. Safu ya nne ya leo si ile ya babu zetu. Kiongozi mzuri huyasema haya waziwazi. Husema pia kwamba aliyeieneza hadithi hii kuliko wote ni W. J. Macqueen-Pope, ambaye kazi yake ilikuwa kulitangaza jumba hili.

Kifo chenye uthibitisho ni kingine, nacho kinasisimua zaidi. Mei 1735, katika jumba la pili, waigizaji Charles Macklin na Thomas Hallam waligombania wigi la kuigizia. Macklin alimchoma mwenzake jichoni kwa fimbo, Hallam akafa. Mahakama ilimtia Macklin hatiani kwa kuua bila kukusudia, na baadaye akarudi jukwaani akawa nguli. Ziara ikiharakisha kisa hiki ili iwahi kwenye mizimu, imepunja wageni.

Mizimu mingine miwili ina mvuto wake. Joseph Grimaldi, mchekeshaji aliyeagwa kwenye jukwaa hili Juni 1828, husemwa huwasukuma waigizaji kwa teke au mkono usioonekana mpaka wasimame mahali panapofaa. Dan Leno, nyota wa maigizo ya Krismasi hapa kuanzia 1888 hadi 1904, hutambuliwa kwa harufu ya lavenda. Hiyo harufu msiiwekee imani kubwa, kwani jengo hili huingiza watu karibu elfu mbili kwa onyesho moja, na manukato hukaa kwenye vitambaa vya viti.

Anayetaka kuketi katika eneo la mzimu akate tiketi za madaraja ya juu kwa onyesho la mchana, akijua anachonunua. Huko mteremko ni mkali, ngazi ni nyingi, na mwenye kizunguzungu atateseka. Safu za mbele huko juu zina vyuma vya usalama vinavyoweza kukata sehemu ya jukwaa machoni, hasa kwa mtu mfupi. Kiti cha katikati, safu mbili tatu nyuma ya hizo, ndicho kizuri. Mwenye shida ya kutembea awasiliane na ofisi ya tiketi kabla ya kulipa, asingoje siku yenyewe.

Stesheni ya karibu ni Covent Garden. Pandeni lifti, kwani ngazi zake za mzunguko zina vidato 193, na mtu akizipanda atafika hoi kabla ya ziara. Mlango mkuu wa jumba uko Catherine Street. Fikeni nusu saa mapema muitazame rotunda, ukumbi wa mviringo wa kuingilia, kwa utulivu, pamoja na milango miwili inayoelekea upande wa Mfalme na upande wa Mwana wa Mfalme, kumbukumbu ya uhasama wa George wa Tatu na mwanawe. Zungukeni pia upande wa Russell Street mwone safu ya nguzo iliyoongezwa 1831. Watoto wadogo ziara hii huwachosha, kwa kuwa ni maelezo mengi na kusimama kwingi, na hakuna mtu aliyejificha nyuma ya pazia kuwashtua.