Wireshark kwa anayesoma usalama wa mtandao: inafaa, ila usiiachie ikanasa kila kitu

Kama masomo yako ya usalama wa mtandao yanachanganya teknolojia, sera na sheria, anza na Wireshark. Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi, na ipo tangu 1998, enzi hizo ikiitwa Ethereal. Inanasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, na kuzifumua safu kwa safu. Usipoiwekea mipaka, inabeba pakiti nzima nzima, na hapo ndipo sheria inapoingia.

Kifungu cha 5 cha GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, kinataka ukusanye taarifa binafsi unazohitaji tu. Jaribu kukitii kwa amri ya dumpcap, kinasaji kinachokuja na Wireshark, ukikiambia kibakize baiti 96 za mwanzo za kila pakiti:

`dumpcap -i eth0 -s 96 -w somo.pcapng`

Utadhani umebakiza vichwa vya pakiti pekee, yaani sehemu za mwanzo zenye anwani na maelekezo, bila yaliyomo. Hebu piga hesabu ya vichwa vya itifaki: Ethernet baiti 14, IPv4 20, UDP 8, jumla 42. Zimebaki 54. Kichwa cha DNS, huduma inayotafuta anwani ya jina la tovuti, kinachukua 12, na 42 zilizosalia zinatosha kabisa kuanika jina la tovuti nyingi ambazo mtu amezitafuta. Weka `-s 54`, jina linakatwa, huku kichwa cha TCP (itifaki inayoweza kukaa mahali pa UDP) kisicho na nyongeza kikibaki kizima. Anayeandika sera ya “vichwa pekee” bila kuijua hesabu hii anaruhusu asichokusudia. Wala HTTPS haimwokoi: yaliyomo yamefichwa, lakini jina la seva kwa kawaida husomeka kwenye ujumbe wa kwanza wa TLS, itifaki inayoificha HTTPS.

Kwenye ushahidi programu hii ni nzuri sana. `capinfos -H somo.pcapng` inatoa alama ya SHA256, namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo; ichukue mara tu unasaji unapokwisha. Ukichuja pakiti na kuzihifadhi katika faili jipya, alama haitalingana tena, kwa hiyo fanyia kazi nakala.

Kasoro zipo. Kwenye swichi utaona pakiti zako na zile za matangazo tu, mpaka msimamizi akufungulie mlango wa kioo (mirror port), tundu la swichi linaloletewa nakala za pakiti za wengine. Wengi hukimbilia kuifungua Wireshark kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote ya kompyuta. Usifanye hivyo, maana vichambuzi vyake vimewahi kuwa na mianya mingi. Mwachie dumpcap peke yake ruhusa ya kunasa.

Kubwa zaidi, haikuulizi kama una idhini. Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu uhalifu wa mtandaoni, kifungu cha 3, unazitaka nchi wanachama zifanye kunasa mawasiliano ya faragha bila haki kuwa kosa la jinai. Pata kibali cha maandishi kinachotaja mtandao, muda na atakayetunza faili, kisha ingiza namba yake kwa `--capture-comment` unapoanza kunasa, ili iwemo ndani ya faili kabla hujachukua alama.